Anwani Isiyo na Mwenyewe Ikiitika: Kugeuzwa Njia kwa Intaneti Yako Mwanza

Anwani ya IP 192.0.2.1 haina mwenyewe. Hiyo pamoja na jirani zake zote, kuanzia 192.0.2.0 hadi 192.0.2.255, zilitengwa zitumike kwenye mifano ya vitabu na mafunzo tu, na hakuna seva inayotakiwa kuonekana nayo kwenye intaneti. Ukiipigia hodi kutoka hosteli ya Nyegezi, duka la Makoroboi au nyumba iliyo karibu na gati la Nansio, unapaswa kukuta kimya mpaka muda uishe. Ikiitika, aliyeitika ni chombo kilichokaa katikati ya njia, na huenda chombo hichohicho kinaitikia pia kwa niaba ya tovuti nyingine unazofungua bila usimbaji, yaani bila mawasiliano kufichwa kwa msimbo.

Kipimo chenyewe ni mstari mmoja:

curl -4 -v --connect-timeout 10 http://192.0.2.1/

Windows 10 ya karibuni na Windows 11 zina curl, programu ya kuomba kurasa kwa amri, tayari. Fungua dirisha la amri uandike. Kwenye simu ya Android, sakinisha Termux, kisha andika pkg install curl dnsutils, utapata curl na dig kwa pamoja. Neno la kutafuta kwenye majibu ni "Connected". Likionekana, kuna proksi, yaani chombo cha njiani kinachopokea maombi na kujibu kwa niaba ya tovuti. Likikosekana na ukaambiwa muda umekwisha, poti 80, mlango wa kurasa zisizosimbwa (HTTP), haijaguswa. Ukiona "Connection refused", kuna kifaa njiani kimekataa muunganisho, pengine rauta ya nyumbani kwako. Hiyo bado si dalili ya proksi. Kama unatumia WiFi ya vocha, hakikisha umeshaingiza vocha kwanza, maana kabla ya hapo kila kitu kinaelekezwa kwenye ukurasa wa malipo na kipimo hakina maana.

Cha pili kinahusu DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani:

dig @192.0.2.1 tcra.go.tz +time=3 +tries=1

Asiye na dig aandike nslookup tcra.go.tz 192.0.2.1. Umeuliza swali kwa asiyekuwepo. Ukijibiwa, basi kila swali la DNS linalotoka kwako linakamatwa njiani, na ile 8.8.8.8 au 1.1.1.1 uliyoiandika kwenye mipangilio ya simu ni pambo tu.

Vipimo hivi viwili vina thamani kubwa kuliko kuangalia heda za majibu, yaani maelezo madogo yanayotangulia kila jibu, njia ambayo wengi huanza nayo. Heda kama Via, Age na X-Cache zinaonyesha kuwa jibu limepita kwenye kache, yaani ghala la nakala, lakini hazisemi kache ni ya nani. Tovuti nyingi leo zimekaa nyuma ya mitandao ya usambazaji (inayohifadhi nakala za tovuti karibu na wasomaji) inayoweka heda hizohizo, kwa hiyo Age: 3400 peke yake haimtii hatiani mtoa huduma wako.

Nani hasa anageuza

Mwanza mawasiliano yako yanaweza kupita mikono mitatu kabla hayajatoka mkoani. Kuna kampuni kubwa yenye minara na faiba. Kuna mtoa huduma mdogo anayenunua kwa jumla kutoka kwa kampuni hiyo, akarusha kwa redio kutoka kwenye moja ya vilima vya miamba kwenda Igoma, Buzuruga au ng'ambo ya maji. Halafu kuna mwenye WiFi ya vocha mtaani, aliyefunga kirauta kimoja na antena kwenye bomba, akiuza saa au siku. Wote watatu wanaweza kugeuza njia, na anayelaumiwa kwa kawaida ni yule mkubwa, ambaye mara nyingi hahusiki.

Kutenganisha si kazi ngumu. Rudia vipimo vile viwili kwa laini ya simu ya kampuni hiyohiyo, WiFi ikiwa imezimwa. Kama kwenye laini kuna kimya na kwenye WiFi kuna majibu, mhusika yuko mtaani kwako. Ukiwa na Linux unaweza kwenda mbele zaidi:

sudo traceroute -T -p 80 example.com
sudo traceroute -T -p 443 example.com

Poti 443 ni ya kurasa zilizosimbwa, yaani HTTPS. Njia zote mbili zinapaswa kuwa na urefu unaokaribiana. Kama ile ya poti 443 ina vituo 11 na ya poti 80 inadai imefika baada ya vituo 2, proksi iko kwenye kituo hicho cha pili.

Kwa upande wa fundi, kugeuza njia ni kanuni moja ya NAT, yaani ubadilishaji wa anwani za pakiti kwenye rauta. Pakiti inayokwenda poti fulani inabadilishiwa mwisho wa safari. Jibu likirudi, anwani inabadilishwa tena ionekane limetoka kule mteja alikotaka. Ndiyo maana mteja haoni chochote. Kwenye rauta za MikroTik, ambazo zimejaa kwenye WiFi za vocha, kwa DNS, inayotumia poti 53, ni hivi:

/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface=bridge protocol=udp dst-port=53 action=redirect to-ports=53

Anarudia hivyohivyo kwa tcp. Kwa wavuti anawasha web-proxy ya rauta kwenye poti 8080 na kuelekeza poti 80 huko. Mwenye seva ya Linux hutumia Squid, programu ya proksi iliyoanza mwaka 1996, kwa mstari wa http_port 3129 intercept pamoja na kanuni ya iptables inayosukuma poti 80 kwenda 3129.

Zamani ilikuwa na hoja

Si haki kuwacheka walioweka proksi hizi miaka ile. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya mawasiliano ya kwenda nje ilipanda setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla zaidi ya kilomita 143,000: karibu nusu sekunde imeshapotea kabla seva haijafikiria lolote. Mkahawa wa intaneti wenye laini ya kbps 512 iliyogawanywa kwa kompyuta kumi ulikuwa na KB 64 kwa sekunde kwa watu wote. Ukurasa wa MB 1 ulichukua sekunde 16, kama wengine tisa wamekaa kimya. Hapo picha iliyoshushwa mara moja na kugawiwa kwa watu kumi kutoka kwenye diski ya dukani ilikuwa nafuu ya kweli.

Hesabu ilibadilika kwa mambo mawili. Mkongo wa Taifa uliunganisha Mwanza na Dar kwa faiba: kwa umbali wa barabara unaozidi kilomita 1,100 na mwanga unaokwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya kioo, kwenda na kurudi ni milisekunde 11 au 12, ongeza kidogo kwa kona za waya na vifaa vya njiani. Halafu wavuti ukajifunga. Let's Encrypt ilianza kutoa vyeti vya usimbaji bure kwa umma mwishoni mwa 2015, na Julai 2018 Chrome toleo la 68 ikaanza kuandika kuwa kila tovuti ya HTTP si salama. Proksi haiwezi kuhifadhi kitu isichoweza kukisoma. Kwenye poti 80 leo yamebaki masasisho ya Windows, vifurushi vya Linux, ukaguzi mdogomdogo ambao simu hufanya kujua kama kuna intaneti, na tovuti chache ambazo wenyewe wamezisahau.

Kwa hiyo mtu anayewasha web-proxy leo kwenye rauta ndogo ya MikroTik, hAP lite, yenye RAM ya MB 32, akiamini anaokoa bando, hajaokoa kitu. Hata kwa seva ya haki, Squid inahitaji karibu MB 14 za RAM kwa kila GB 1 ya kache ya diski, kwa ajili ya faharasa tu; kache ya GB 100 imeshakula GB 1.4 kabla ya kazi yenyewe. Yote hayo kwa sehemu ya mawasiliano inayozidi kupungua kila mwaka.

Mahali inapovunjika

Kosa linalomuumiza mtoa huduma mwenyewe kuliko yote limejificha kwenye mipangilio ya faili kubwa. Mtu anasoma mtandaoni kwamba range_offset_limit ikiwekwa -1 kache "itafanya kazi vizuri zaidi". Maana yake ni kwamba mteja akiomba kipande tu cha faili, proksi inashusha faili yote tangu mwanzo. Mteja wa Kirumba anafungua faili la MB 700, anasoma MB 2 za mwanzo kisha anafunga. Kama quick_abort_min nayo imewekwa -1, proksi inaendelea kuvuta MB 698 zilizobaki ambazo hakuna aliyeziomba. Wateja watano wakifanya hivyo jioni, laini nzima imejaa na kila mtu analalamika, wakati kwenye orodha ya wateja hakuna anayeonekana kutumia sana. Fundi anatafuta mwizi wa bando mitaani. Mwizi ni kache.

Kosa la pili ni la pupa: kuandika kanuni za refresh_pattern zenye ignore-private na override-expire ili kiwango cha kupatikana kwenye kache kiongezeke. Tovuti inaposema ukurasa ni wa mtu mmoja tu, kache inaambiwa isijali. Matokeo yake ni mteja mmoja kukaribishwa kwa jina la mwingine, au ukurasa uliobadilishwa saa nne asubuhi kuendelea kuonekana wa zamani mpaka jioni. Mteja anabonyeza kupakia upya mara ishirini bila mafanikio kwa sababu ignore-reload nayo imewashwa.

Halafu kuna ule mgogoro wa DNS ambao huwachanganya hata wazoefu. Tangu toleo la 3.2, Squid inayokamata kimyakimya hukagua kama anwani aliyokuwa anaiendea mteja inalingana na jina la tovuti aliloandika. Mteja akitumia DNS moja na Squid ikatumia nyingine, mitandao ya usambazaji inaweza kuwapa anwani tofauti, na kumbukumbu za seva zinajaa maneno "Host header forgery detected". Ombi linapitishwa lakini halihifadhiwi. Suluhisho ni Squid na wateja kutumia DNS ileile. Ndipo fundi anashawishika kukamata na poti 53 pia, na tatizo moja linazaa la pili.

Anwani nayo inapotea. Tovuti inaona wateja wote 200 wa mtaa wakitoka anwani moja ya proksi, kwa hiyo mmoja akifanya fujo wote wanawekewa mafumbo ya picha za taa za barabarani. Kujikagua, linganisha curl -4 http://icanhazip.com na curl -4 https://icanhazip.com. Kama anwani mbili hazifanani hata ukirudia mara tano, poti 80 ina mlango wake. Rudia kweli, usiishie mara moja; laini za simu huwa na anwani nyingi zinazogawanwa na zinaweza kubadilika zenyewe.

Lililo hatari zaidi ni kuacha mlango wazi upande wa nje. Web-proxy au DNS ya rauta ikiruhusu maswali kutoka intaneti, wageni wataitumia: proksi kwa kuficha nyayo zao, DNS kwa mashambulizi ya kukuza, ambapo swali dogo lenye anwani ya kughushi linatoa jibu kubwa linalomwangukia mtu mwingine. Mwenye WiFi anaona tu kwamba laini ya kupandisha imejaa usiku wa manane. Kama umewasha allow-remote-requests, yaani ruhusa ya rauta kujibu maswali ya DNS ya wengine, weka hizi juu kabisa ya kanuni zako za input, ukibadilisha ether1 kuwa jina la poti yako ya nje:

/ip firewall filter add chain=input in-interface=ether1 protocol=udp dst-port=53 action=drop
/ip firewall filter add chain=input in-interface=ether1 protocol=tcp dst-port=53,8080 action=drop

Aliyedhani hili ni la kinadharia akumbuke 2018. Udhaifu wa Winbox, programu ya kusimamia rauta za MikroTik, uliorekebishwa kwenye toleo la 6.42.1 la RouterOS, mfumo wa rauta hizo, mwezi Aprili uliachwa bila kusasishwa kwenye rauta nyingi mno, na kufikia Agosti washambuliaji walikuwa wameingia kwenye makumi ya maelfu, wakawasha hiyohiyo web-proxy, wakapachika msimbo wa Coinhive uliochimba sarafu kwa kutumia kompyuta za watu waliofungua kurasa. Wimbi lilianzia Brazili kisha likasambaa. Chombo kilichowekwa kuokoa bando ndicho kilichotumika.

DNS ndiyo uwanja wa sasa

Kwa kuwa HTTPS imeifunga poti 443, anayetaka kugeuza njia leo anashika poti 53. Sababu nyingine zinaeleweka: kuharakisha majibu, kuzuia tovuti za virusi, kutii amri ya kisheria, au kumwekea mteja kichujio cha watoto alichokiomba mwenyewe. Tatizo linaanza anapofanya bila kumwambia, au anapojibu uongo.

Uongo uliozoeleka ni kujibu jina lisilokuwepo kana kwamba lipo, ili mteja aliyekosea herufi apelekwe kwenye ukurasa wa matangazo. VeriSign, inayosimamia majina ya .com na .net, ilijaribu hivyo kwa majina hayo yote tarehe 15 Septemba 2003. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilizima Oktoba 4. Kwa mtu anayeperuzi ni kero tu. Kwa programu ni balaa: seva ya barua pepe inayotegemea jibu la "jina halipo" kukataa taka inaanza kuzipokea, na kompyuta ya ofisi inayotafuta printa kwa jina fupi inapelekwa kwenye seva ya matangazo badala ya kuendelea kutafuta ndani. Pima kwa dig dagaa.invalid. Hali sahihi ni NXDOMAIN, yaani jina halipo, kwa sababu .invalid imetengwa isiwepo kamwe. Kisha jaribu jina refu la kubuni linaloanza na www na kuishia .com, maana wapo wanaogeuza aina hiyo tu.

Kujua nani anakujibia kwa kweli, uliza:

dig @8.8.8.8 TXT o-o.myaddr.l.google.com +short

Jibu ni anwani ya seva iliyopeleka swali kwa Google. Ikiwa kweli umefika 8.8.8.8, anwani hiyo itakuwa ya Google. Ikiwa ni ya mtoa huduma wako, amelichukua swali njiani.

Dawa iliyo rahisi kwa simu ni DNS ya faragha, iliyokuja na Android 9 mwaka 2018. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma, uandike dns.google, one.one.one.one au dns.quad9.net. Maswali yatapita poti 853 yakiwa yamesimbwa, na kwa kuwa simu inakagua cheti, hakuna anayeweza kujifanya Quad9. Anaweza kuzuia poti 853, na hapo simu itasema hakuna intaneti, angalau utajua. Kwenye kompyuta, Firefox na Chrome zina DNS ya kupitia HTTPS, ambayo imechanganyika na mawasiliano mengine ya poti 443 na si rahisi kuibagua. Usidhani umefichika kabisa, hata hivyo. Kwa kawaida jina la tovuti bado linaonekana mwanzoni mwa mazungumzo ya HTTPS.

Kuna gharama ambayo wanaoshauri "weka 1.1.1.1 uone kasi" hawaitaji. Tovuti kubwa hukuchagulia seva ya karibu kwa kuangalia swali la DNS limetoka wapi. DNS ya Google hupitisha sehemu ya anwani yako kwa tovuti zinazoihitaji. Ya Cloudflare haifanyi hivyo kwa makusudi ya faragha. Mtu wa Mwanza anayeuliza kupitia seva iliyoko nchi nyingine anaweza kupangiwa kache ya huko, wakati ipo nyingine Dar es Salaam kwenye mtandao wa mtoa huduma wake. Pima kabla ya kuamini: chukua jina la tovuti unayoitumia sana, liulize kwa DNS mbili, kisha uzipige ping anwani zilizorudi. Tofauti ya milisekunde 20 dhidi ya 150 itajieleza yenyewe.

Bando likiisha

Kugeuzwa njia ambako kila mtu Mwanza amekutana nako ni kule kwa bando kuisha au vocha kukwisha muda. Simu ya Android hutuma ombi la HTTP kwa connectivitycheck.gstatic.com/generate_204 na kutegemea jibu tupu lenye namba 204. iPhone huuliza captive.apple.com, Windows huuliza www.msftconnecttest.com. Mtandao ukijibu kitu kingine, simu inaelewa kuna lango na inafungua ukurasa wa malipo. Kwa hiyo kuigeuza poti 80 kabla ya malipo ni kazi halali, na mfumo mzima umeizoea.

Hitilafu zinatokana na kuvuka hapo. Fundi akigeuza na 443, mteja haoni ukurasa wa malipo. Anaona onyo la cheti, na kwa tovuti zenye HSTS (agizo la tovuti kwamba ifunguliwe kwa HTTPS tu) hakuna hata kitufe cha kuendelea. Wateja wakizoeshwa kubonyeza "endelea" kwenye maonyo, siku ya wizi wa kweli watabonyeza vilevile. Asiye na ukurasa wa malipo afungue neverssl.com, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo, bila usimbaji. Mwenye DNS ya faragha aliyoiandika kwa jina airudishe kwenye otomatiki kwanza, aingize vocha, kisha aliandike tena lile jina. Na kama lango linajibu kila jina kwa anwani yake lenyewe, muda wa uhai wa majibu hayo uwe sekunde 0. Ukiacha saa nzima, mteja ameshalipa lakini simu yake bado inakumbuka anwani ya uongo na kumrudisha kwenye malipo. Vijana wa vocha hulijua tatizo hili kama "zima data, washa tena".

Njia safi zaidi ipo tangu 2020: chaguo namba 114 la DHCP (huduma inayoipa simu anwani inapojiunga na mtandao), linaloiambia simu waziwazi ukurasa wa lango uko wapi. Android 11 na iOS 14 zinalielewa.

Kwenye stationery za kujazia maombi ya mikopo na ajira, onyo la cheti mara nyingi halihusiani na mtoa huduma kabisa. Angalia tarehe ya kompyuta. Betri ya CR2032 ikifa, mashine inarudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika.

Kache inayostahili nafasi

Kuhifadhi karibu na mteja kumebaki na faida pale mwenye maudhui anaporidhia au maudhui yenyewe yanapokuwa na sahihi. Google na Netflix huweka seva zao ndani ya mitandao ya watoa huduma kwa makubaliano. Fungua https://redirector.googlevideo.com/report_mapping na utaona mstari mfupi wenye anwani yako na kundi la seva za video ulilopangiwa. Huko ni kugeuzwa njia pia, ila anayegeuza ni mwenye video.

Chukua maabara ya chuo yenye kompyuta 40 za Ubuntu na sasisho la MB 500. Kila moja ikishusha peke yake ni GB 20. Kwa laini ya Mbps 10 hayo ni saa nne na nusu hivi, laini ikiwa haifanyi kingine. Weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja, kisha kwenye nyingine zote, ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/00proxy, andika:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Sasa zinashushwa MB 500 mara moja, chini ya dakika 7, na zilizobaki zinapita kwenye waya wa ndani. Vifurushi vina sahihi, kwa hiyo kache haiwezi kuvichezea bila apt, programu ya kusakinisha ya Ubuntu, kugundua. Windows ina Delivery Optimization kwa kazi hiyohiyo. Iruhusu ichukue kutoka kompyuta za mtandao wa ndani pekee. Tofauti na proksi ya kimyakimya, hapa kila mashine imeambiwa ipite wapi.

Ukitaka kulalamika

Kuna jambo moja ambalo halina utetezi: kuongeza kitu kwenye ombi la mteja. Linganisha curl http://httpbin.org/headers na curl https://httpbin.org/headers. Heda inayoonekana kwenye ya kwanza tu imepachikwa njiani, na ikiwa ni namba ya simu au kitambulisho cha kudumu, kila tovuti ya HTTP uliyofungua imekipata. Verizon ya Marekani ilipachika heda ya X-UIDH kwa wateja wake wa simu, ikagundulika hadharani 2014, na Machi 2016 mdhibiti wa huko akaitoza dola milioni 1.35. Mbaya zaidi ni kuombwa usakinishe cheti cha mtoa huduma kwenye simu yako, kama Kazakhstan ilivyowaomba wananchi wake Julai 2019. Mwezi uliofuata Chrome, Firefox na Safari zilikikataa cheti hicho. Usikisakinishe, hata kama fundi anasema ni cha kuongeza kasi. Kompyuta ya mwajiri ni habari nyingine.

Wanaokimbilia VPN wakumbuke tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, la Oktoba 2023 linalotaka matumizi yake yasajiliwe.

Tanzania ina Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na TCRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Lakini anza na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, ukiambatisha matokeo ya amri na siyo picha ya ukurasa uliokwama. Eleza kipimo cha 192.0.2.1 kilijibu nini kwenye WiFi na nini kwenye laini, namba ya akaunti, na anwani ya nje uliyoipata kwa icanhazip.

Na andika saa vizuri. "Saa mbili usiku" iandikwe 20:00, pamoja na dakika na sekunde, ukitaja kuwa ni saa za Afrika Mashariki, kwa kuwa seva nyingi huandika kumbukumbu kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Anwani moja ya nje hugawanwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Fundi akitafuta 20:00 ya UTC badala ya ya kwetu, atafungua rekodi ya mtu mwingine kabisa na kukujibu kwamba hajaona tatizo.